Kuandaa mchango wa darasa: mwongozo kwa kamati za wahitimu wa West Point

Kwa mila ya West Point, chuo cha maafisa wa Jeshi la Marekani, kadeti anayehitimu wa mwisho kwa alama huitwa Mbuzi, na siku ya kuhitimu kila mwenzake humpa dola moja. Darasa la watu mia tisa na kitu humkabidhi karibu dola elfu moja asubuhi moja, bila kamati, bila barua na bila kumfuata mtu nyumbani. Miaka 25 baadaye, darasa hilohilo likitaka kukipa chuo dola milioni moja, njia hiyo haitoshi tena. Watu wametawanyika. Wengine bado wamevaa sare, wengine wana kampuni zao, wengine wamefariki, na wapo wenye kinyongo na chuo ambacho hawajakikanyaga tangu walipotupa kofia hewani.

Mwongozo huu unahusu mchango wa miaka 25, kwa sababu ndio wenye kazi nyingi: watu wako katikati ya kazi zao, wana watoto wanaosomeshwa, na ni mara ya kwanza wengi wao kuombwa kiasi kikubwa. Tutafanya hesabu kwa darasa lililohitimu 2004, litakalotimiza miaka 25 mwaka 2029. Idadi ya watu na fedha tutakazozitaja ni za mfano tu, si takwimu halisi za darasa hilo.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Dar es Salaam au kuendesha harambee Nairobi anaijua nusu ya kazi hii tayari: kuna kamati, kuna ahadi, kuna mweka hazina wa kukumbusha. Nusu ya pili ni ngeni kwake, yaani kanuni za maadili zinazowabana maafisa walio kazini, kodi ya Marekani, na ukweli kwamba chuo ni mali ya serikali na hakipokei kila zawadi. Humo ndimo kamati nyingi hukwama.

Miezi 36 kabla: kamati

Anzeni miaka mitatu kabla ya mkutano wa darasa wa kutimiza miaka 25. Mikutano ya wahitimu hufanyika zaidi majira ya vuli, ikienda pamoja na mechi ya mpira wa Kimarekani kwenye uwanja wa Michie. Basi kwa mkutano wa vuli ya 2029, kamati iwe imekaa ifikapo vuli ya 2026. Darasa lililoanza miezi 12 kabla hujikuta likiwaomba fedha watu wakati uleule linapowadai ada ya mkutano, nauli na hoteli. Mtu akiombwa mara nne ndani ya miezi miwili hulipa hoteli na kuacha mchango.

Kamati ya watendaji isizidi watu saba: mwenyekiti, makamu wake, mweka hazina, mtunza orodha, mtu wa mawasiliano, na wawili wa kuwaendea wachangiaji wakubwa. Mwenyekiti asiwe rais wa darasa. Rais ana misiba, mahafali na mkutano wenyewe wa kushughulikia. Jambo la pili ni muhimu zaidi: mwenyekiti atoe ahadi yake kwanza, na iwe ahadi inayomuuma kidogo. Hawezi kumwomba mwenzake dola 20,000 ilhali yeye ameandika 500.

Tazameni sura za kamati. Wanawake waliingia West Point mwaka 1976 na 62 kati yao wakahitimu 1980, lakini mpaka leo kamati nyingi zinaundwa na marafiki wanane wa kiume waliokuwa timu moja. Darasa hulisoma hilo mara moja, na wasiojiona mezani hawachangii. Wawepo wanawake, wawepo walioacha jeshi baada ya miaka mitano ya lazima na waliobaki hadi kustaafu, na wawepo pia waliokuwa hawapendwi sana na wakubwa enzi za ukadeti. Hao wa mwisho wana marafiki wengi kuliko inavyodhaniwa.

Ulizeni chuo kinahitaji nini

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchagua mradi kwanza kisha kukipelekea chuo taarifa. Darasa huamua kujenga mnara, linachora, linatangaza, linakusanya dola 80,000, ndipo linaambiwa eneo lile haliruhusiwi kujengwa kitu. West Point ni kambi ya Jeshi la Marekani tangu kabla chuo hakijaanzishwa tarehe 16 Machi 1802. Kila jiwe linalowekwa humo lina mtu wa kuliidhinisha, na zawadi kwa Jeshi hupokelewa kwa mujibu wa sheria, kwa mamlaka ya Waziri wa Jeshi au aliyekasimiwa naye.

Njia ya kupita ni chama cha wahitimu, West Point Association of Graduates, kilichoundwa mwaka 1869. Si idara ya serikali, ni taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Ndicho kinachopokea fedha za madarasa, kutoa stakabadhi na kuzungumza na uongozi wa chuo. Ombeni kikao na ofisi yake inayoshughulikia madarasa, mwende na karatasi tupu, muulize: Mkuu wa Chuo ana mahitaji gani ambayo serikali hailipii? Kati ya hayo, yapi yanaweza kubebwa na darasa moja?

Swali hilo la serikali litawarudia kwenye kila simu, kwa hiyo kamati yote ilijue jibu. Kadeti wa West Point halipi ada. Serikali inamsomesha, inamlisha, inampa posho, naye analipa kwa kulitumikia jeshi. Kwa hiyo mfuko wa kumlipia kadeti ada, ambao ndio watu hukimbilia kwa kuzoea vyuo vingine, hauna kazi hapa. Fedha za wahitimu huingia pale bajeti ya serikali inapoishia: safari za masomo nje ya nchi, timu na klabu za mashindano, vituo vya utafiti, makongamano, baadhi ya majengo ya michezo. Kituo cha utafiti wa ugaidi cha chuo, Combating Terrorism Center, kilianzishwa mwaka 2003 kwa fedha za watu binafsi. Mfano kama huo humjibu mtu haraka kuliko maelezo ya dakika kumi.

Mkirudi na miradi mitatu, ipigieni kura kwa darasa zima, lakini kila mmoja uwe umeshakubaliwa na chuo kwa maandishi. Tofautisheni pia mambo mawili ambayo huchanganywa. Mradi wa kujenga unakula fedha mara moja na unahitaji mtu wa kulipia matengenezo baadaye. Mfuko wa kudumu hauguswi mtaji wake. Hutumika faida tu. Mfuko wa dola 500,000 unaotoa asilimia 4 kwa mwaka unaleta dola 20,000, na kama safari ya kadeti mmoja inagharimu 4,000, hao ni makadeti watano kila mwaka. Waambieni wanadarasa hesabu hiyo waziwazi. Wengi hudhani mfuko wa nusu milioni utapeleka nje kundi zima, kisha hujiona wamedanganywa.

Hatutetei upande mmoja kwa kila darasa. Ila kwa fedha chini ya milioni mbili tunaona mfuko wa kudumu au programu ya miaka kumi inafaa kuliko jengo, kwa kuwa fedha za ahadi huingia polepole na mkandarasi hasubiri.

Orodha

Hii ndiyo kazi isiyo na sifa, nayo ndiyo inayoamua yote. Tengeni miezi sita.

Chukueni orodha rasmi ya chama cha wahitimu, muipange kwa kombania. Kikosi cha makadeti kina rejimenti nne zenye kombania tisa kila moja, A hadi I, jumla 36. Darasa la watu 900 lina takriban watu 25 kwa kombania, na hiyo ndiyo idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba. Tafuteni mwakilishi kwa kila kombania. Mpeni majina yake 25 na wiki sita za kujaza mambo haya: simu inayopatikana, barua pepe isiyo ya kazini, mji, mwajiri, mwenzi, na kama bado yuko kazini jeshini.

Kwenye watu 900 mtapata hivi hivi: kadhaa wamefariki, wengine wameomba wasitafutwe, wengine anwani zimekufa. Mkifikia 700 wenye mawasiliano hai mmefanya kazi nzuri. Msianze kuomba mkiwa na 400, kwa sababu asilimia ya ushiriki hupigwa kwa darasa zima, na kila msiyempata anahesabika kama aliyekataa.

Makundi matatu husahaulika. La kwanza ni waliorudishwa nyuma mwaka wakahitimu na darasa lililofuata. Waulizwe wanataka kuhesabiwa wapi. La pili ni walioanza nanyi wakaondoka kabla ya kuhitimu. Wapo wanaolipenda darasa kuliko wenye pete ya kuhitimu, na hawajawahi kupigiwa simu hata moja. La tatu ni wahitimu wa kigeni. Sheria huruhusu chuo kuwa na makadeti wa nje wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, na hao hurudi kutumikia majeshi ya kwao. Orodha nyingi huwaonyesha kwa anwani ya ubalozi ya miaka ishirini iliyopita. Mtafuteni kupitia waliokuwa chumba kimoja naye. Akiwa bado afisa nchini mwake, aulize wakuu wake kabla ya kutoa au kukaa kwenye kamati, na aelezwe mapema kwamba nafuu ya kodi inamhusu anayelipa kodi Marekani tu.

Sasa wafu. Kabla ya barua yoyote kutoka, linganisheni orodha na taarifa za vifo, kisha kila mwakilishi asome majina ya kombania yake kwa sauti na mtu mwingine. Barua ya kuomba fedha ikimfikia mjane kwa jina la mumewe, mmemjeruhi mtu, na habari itaenea darasani kabla ya jioni. Wajane na wagane waorodheshwe kwa majina yao wenyewe. Wengine watataka kushiriki. Waachieni wao waamue.

Ngazi za mchango

Lengo la fedha lisitokane na darasa lililotangulia lilitoa ngapi. Kushindana na jirani kumewaumiza wengi. Jengeni lengo kutoka chini, kwa majina. Kwa lengo la dola milioni moja ngazi zinaweza kukaa hivi:

1 wa dola 150,000
2 wa dola 75,000
4 wa dola 40,000
8 wa dola 20,000
20 wa dola 10,000
50 wa dola 2,004
80 wa dola 500
200 wa dola 200

Jumla ni dola 1,000,200 kutoka kwa watu 365, yaani zaidi kidogo ya nusu ya wale 700. Angalieni uzito ulipo. Watu 15 wa juu wanabeba dola 620,000. Wale 280 wa ngazi mbili za chini wanaleta 80,000 tu, lakini ndio wanaolifanya liwe jambo la darasa na si la matajiri wachache. Kamati inahitaji nguvu pande zote mbili, na watu tofauti kwa kila upande.

Kwa kila nafasi ya juu tafuteni majina matatu, kwa kuwa mmoja atakataa na mmoja atatoa pungufu. Nafasi 15 mara tatu ni majina 45. Kaeni watu watano faraghani mpitie orodha, mkiulizana nani ana uwezo, nani anakipenda chuo, na nani kati yetu ni rafiki yake wa kweli. Mkishindwa kufikisha majina 45, lengo ni kubwa mno. Lipunguzeni siku hiyohiyo. Karatasi za kikao hicho zisisambazwe, wala zisipigwe picha na kutupiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ngazi ya 2,004 si mapambo. Namba ya mwaka wa darasa humshika mtu ambaye angeandika 500. Ikigawanywa kwa miezi 60 inakuwa dola 33.40 kwa mwezi, na mtu aliyekuwa akitikisa kichwa hukubali.

Nani anaruhusiwa kumwomba nani

Miaka 25 baada ya kuhitimu, baadhi ya wanadarasa bado ni makanali na wachache wameanza kuvaa nyota za ujenerali. Kanuni za maadili za watumishi wa serikali ya Marekani zinawaruhusu kuchangisha kama watu binafsi, kwa masharti. Asimwombe aliye chini yake kikazi. Asimwombe mtu au kampuni inayofanya biashara na ofisi yake. Asitumie cheo cha nafasi yake, kama vile kamanda wa brigedi fulani, ingawa anaweza kuandikwa kwa cheo chake cha kijeshi. Asitumie sare, saa za kazi, simu ya ofisi wala barua pepe ya jeshi.

Sharti la pili hunasa wengi bila nia mbaya. Kanali anayesimamia manunuzi anampigia rafiki yake wa chumba kimoja ambaye sasa ni mkurugenzi wa kampuni inayoliuzia jeshi vifaa. Kwao ni maongezi ya marafiki. Kwa mwanasheria wa maadili ni afisa anayemwomba fedha mzabuni. Dawa ni rahisi: kwenye lahajedwali ya orodha wekeni safu ya aliye kazini na safu ya anayefanya kazi na kampuni za ulinzi, na simu baina ya makundi hayo mawili ipigwe na raia. Sharti la kwanza nalo lina mtego wake, maana wanadarasa wawili wanaweza kuwa ofisi moja, mmoja akiwa mkuu wa mwenzake. Mwenye shaka amwone mwanasheria wa kikosi chake. Ushauri huo haulipiwi.

Fedha zipite wapi

Hakuna hata dola moja ya mchango ipite kwenye akaunti binafsi ya mweka hazina, au kwenye programu ya kutumiana fedha yenye jina lake. Hata akiwa mwaminifu kama jua, mchangiaji hapati stakabadhi ya kodi, na siku mweka hazina akifariki fedha zinaingia kwenye mirathi yake. Mchango uende moja kwa moja kwa chama cha wahitimu, ukiwa umeandikwa jina la darasa na jina la mfuko.

Tenganisheni mifuko miwili. Mfuko wa uendeshaji wa darasa hulipia maua ya misiba, barua, mahema ya kabla ya mechi na vyakula vya mkutano. Mfuko wa zawadi ni wa chuo peke yake. Ukichanganya, unamwambia mtu kwamba chakula chake cha jioni ni hisani, na sivyo sheria inavyosema. Mchangiaji akipewa kitu chenye thamani kwa malipo ya zaidi ya dola 75, lazima aelezwe kwa maandishi ni kiasi gani cha fedha yake ni mchango halisi. Kuanzia dola 250 kwenda juu, bila barua ya kukiri kupokea hawezi kudai nafuu ya kodi. Barua hizo ni kazi ya chama. Kazi ya mweka hazina ni kuhakikisha kila mwezi kwamba zimetoka.

Miezi 30 hadi 12 kabla: kipindi cha kimya

Msitangaze lolote mpaka mmepata nusu ya fedha au zaidi kwa ahadi zilizosainiwa. Lengo likitangazwa likiwa na asilimia 4, kila mtu anaona mlima na anasubiri wengine. Likitangazwa likiwa na asilimia 60, anaona basi linaloondoka.

Kipindi hiki ni cha kuonana ana kwa ana. Mchangiaji wa 40,000 haombwi kwa barua pepe. Aendewe na watu wawili: mmoja rafiki yake, mmoja anayeujua mradi. Mazungumzo yana hatua nne. Waulizeni habari zao kwanza, kwa dhati. Elezeni mradi kwa dakika tano, mkiwa na ukurasa mmoja na si kitabu. Tajeni kiasi: “Tunakuomba ufikirie dola 40,000, zilipwe kwa miaka mitano.” Kisha nyamazeni. Hapo ndipo wengi huharibu. Kimya kinawatisha, wanajipunguzia bei wenyewe kabla mwenzao hajafungua mdomo: “au hata 10,000 tu si mbaya.” Subirini ajibu. Akisema anahitaji kuongea na mwenzi wake, mwombeni tarehe ya kurudi, na mrudi siku hiyo.

Kumbukeni kuwa mwenzi ana sauti sawa. Kwenye familia za kijeshi amehama nyumba mara nane au kumi kwa ajili ya jeshi hilohilo, na anaweza kuwa na maoni makali kuhusu kulitolea zaidi. Akiwepo mezani tangu mwanzo mnamheshimu, na mara nyingi yeye ndiye anayeongeza kiasi.

Ahadi iandikwe: kiasi, tarehe ya malipo ya kwanza, mgawanyo wa miaka, mfuko, saini. Miaka mitano ndiyo ya kawaida. Ahadi isiyo na tarehe ya malipo ya kwanza ni salamu tu. Nayo bajeti ya mradi isihesabu ahadi zote. Wekeni pengo la asilimia 10 kwa ajili ya talaka, magonjwa na kufukuzwa kazi.

Njia za kutoa zaidi ya fedha taslimu

Mwakilishi hahitaji kuwa mhasibu, lakini ajue mambo matano ya kumwambia mtu aende akaulize.

Hisa zilizopanda bei. Mtu aliyenunua hisa kwa dola 2,000 na sasa zina thamani ya 10,000, akiziuza kwanza atatozwa kodi juu ya faida ya 8,000. Kwa kiwango cha asilimia 15 hiyo ni dola 1,200. Akizihamisha zilivyo kwenda chama cha wahitimu, akiwa amezishika zaidi ya mwaka, kodi hiyo haipo, na anayeorodhesha makato yake moja moja kwenye fomu ya kodi anaweza kudai thamani yote ya siku ile, ndani ya vikomo vya sheria. Kosa la kawaida ni kuuza kwanza kisha kutoa fedha.

Mwajiri. Kampuni nyingi kubwa za Marekani huongezea mchango wa mfanyakazi wao, mara nyingi dola kwa dola. Fomu ina tarehe ya mwisho na mwenye kuijaza ni mfanyakazi mwenyewe, kwa hiyo wengi husahau. Wakumbusheni mwezi Novemba.

Mfuko wa hisani wa mchangiaji, ambao mtu huweka fedha zake za kutolea kwenye taasisi maalumu. Mwenye nao asisaini ahadi binafsi kabla ya kuwauliza wasimamizi wake, kwa sababu kulipia deni lake mwenyewe kwa fedha za mfuko huo kuna mipaka.

Fomu rahisi ya kodi. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata asiyeorodhesha makato anaweza kupunguziwa mchango wa fedha taslimu hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Hii inagusa moja kwa moja wale wa ngazi za 200 na 500.

Akaunti ya kustaafu. Aliyefikisha miaka 70 na nusu anaweza kuagiza fedha ziende kwa hisani moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yake ya kustaafu bila kutozwa kodi ya mapato, mpaka kiwango cha mwaka. Darasa la miaka 25 lina watu wa miaka 47 hivi, haliwahusu. Lakini kwa darasa la miaka 50 hii ndiyo njia ya kwanza kuitaja.

Wasia nao upokelewe, ila kamati iamue siku ya kwanza kama utahesabiwa kwenye lengo, na kwa umri upi. Ukiuhesabu wa mtu wa miaka 47 sawa na fedha, jumla itapendeza na akaunti itabaki tupu.

Miezi 12 ya mwisho: kombania kwa kombania

Tangazeni karibu na Founders Day, sikukuu ya kuanzishwa kwa chuo mwezi Machi, wakati wahitimu wanakusanyika kila mji. Barua mbili za posta kwa watu 700 zinatosha, moja Machi na moja mwishoni mwa kiangazi. Kazi yenyewe ifanywe na wale wawakilishi 36 kwa simu.

Kila mwakilishi ana watu ishirini na kitu. Watu wanne kwa wiki, wiki sita, amemaliza mzunguko wa kwanza. Yeye mwenyewe awe ameshatoa. Aanze na watatu atakaokubaliwa kirahisi, apate moyo, kisha aende kwa wagumu. Ujumbe wa kundi la WhatsApp ni wa kukumbusha tu, hauombi. Kila mtu huusoma akidhani unamhusu mwingine.

Toeni matokeo kila wiki mbili kwa asilimia ya ushiriki wa kombania, si kwa fedha. Kombania H-3, yaani H ya rejimenti ya tatu, ikiona G-3 imefika asilimia 60, simu zitapigwa bila kusukumwa. Majina ya wasiotoa yasichapishwe kamwe, na viasi vya watu visitajwe bila ridhaa. Wapo waliopoteza kazi, wapo wanaouguza, wapo wanaoishi na majeraha ya vita ambayo hawayasemi. Dola 20 za mtu kama huyo zipokelewe kwa shukrani ileile.

Mtakutana na mwenye kinyongo. Pengine alitendewa vibaya chuoni, au hakubaliani na jinsi vita vilivyoendeshwa. Msimjibu kwa hoja. Msikilizeni mpaka amalize, muandike alichosema, mkifikishe kwa chama cha wahitimu akiridhia. Wengine hutoa mwaka unaofuata, wengine hawatoi kabisa, na simu ile bado ilistahili kupigwa.

Waliotangulia

Darasa la 2004 lilikuwa mwaka wa pili chuoni tarehe 11 Septemba 2001, na likahitimu wakati vita vya Iraq na Afghanistan vinaendelea. Madarasa ya miaka hiyo yana majina ya kukumbuka, na wazo la kuupa mfuko jina la aliyeuawa huja mapema. Fanyeni kwa taratibu. Familia iulizwe kabla ya wazo kutajwa kokote, na aende mtu aliyekuwa karibu naye. Wazazi na mjane huenda wasikubaliane, subirini. Waulizeni pia kama tayari kuna mfuko wa familia, msije mkaunyang'anya wachangiaji wake. Mara nyingi jibu zuri ni mfuko wa darasa zima wenye kuwakumbuka wote, kwani aliyekufa kwa saratani au kwa mkono wake mwenyewe naye alikuwa wenu.

Baada ya mkutano

Hundi kubwa ya kuigiza mnayokabidhi uwanjani iandikwe jumla ya fedha na ahadi, na mseme hivyo, maana huenda fedha zilizoingia siku hiyo ni theluthi tu. Ndani ya siku 30 kila mchangiaji apate barua yenye saini ya mkono kutoka kwa mtu wa kombania yake. Ndani ya siku 90, hesabu kamili.

Kisha ibaki miaka mitano ya kufuatilia. Mweka hazina apitie ahadi kila Januari na Julai. Aliyechelewa mara mbili apigiwe simu na mwakilishi wake, si kutumiwa bili. Kila mwaka ombeni chuo ukurasa mmoja: fedha zilitumika wapi, makadeti wangapi, walirudi na nini. Msipoletewa, ulizeni tena, kwa sababu darasa litakapoombwa kwa miaka 30 hicho ndicho kitu cha kwanza watu watataka kuonyeshwa.

Faili lote likabidhiwe kwa kamati inayofuata: orodha iliyosafishwa, ahadi, barua za chuo, na maelezo ya kilichokwama. Kwa mpango wa chuo wa kuunganisha madarasa yaliyopishana miaka 50, makadeti wa 2054 watakuwa wageni wa darasa la 2004, na kuna watu watakaotaka kuwavalisha alama zao za kwanza za luteni usu. Anwani zao ziwe kwenye faili hilo.